Kitambaa Chekundu kwa Mama Émérence Mwewa

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025, saa kumi za jioni, Mama Émérence Mwewa atatundika koti lake la kazi kwenye msumari kwa mara ya mwisho. Aliingia hospitali yetu tarehe 4 Februari 1991. Hiyo ni miaka thelathini na minne, miezi sita na siku ishirini na tano. Nimehesabu kwa vidole, kisha kwa kalenda ya parokia, na vidole vimekubaliana na kalenda.

Mama Claire, sekretari wetu, ndiye aliyeniomba niandike karatasi hii ya sherehe. Sababu yake ni kwamba mimi ni sentineli wa mlango mkubwa tangu 1988, na hakuna mwingine aliyebaki anayemkumbuka Mama Émérence akiwa na kiuno. Alinipa masharti: nianze na tarehe, nieleze kazi, nitaje mafanikio, nisiseme mtu vibaya. Sharti la kwanza nimekwisha kulitimiza. Herufi zangu amezisahihisha. Mdomo ameuacha jinsi ulivyo.

Tuanze na kazi, basi. Siku ile ya Februari waliajiriwa watu wawili, yeye na Baba Placide, kila mmoja na ndoo yake na raclette yake ya kusukuma maji, wote salle, yaani wodi, ya upasuaji. Hakuna kati yao aliyekuwa na diploma. Walijifunza kwa macho. Mwaka wa tatu Baba Placide alipewa kusukuma machela. Mwaka wa sita akaitwa msaidizi wa muuguzi. Mwaka wa kumi na tano akawa mkubwa wa wasaidizi wote, na leo amekaa pale mbele kwenye kiti chenye mikono, mstaafu mwenye tumbo la heshima. Namsalimu. Akishakunywa chupa mbili yeye mwenyewe anakiri kwamba aliyemfundisha kugeuza mgonjwa mzito bila kumuumiza ni Mama Émérence. Na Mama Émérence, kwenye karatasi za ofisi, aliingia mfagiaji na anatoka mfagiaji. Ila ndoo si ileile. Ya kwanza ilitoboka 1997.

Mtu akiuliza kwa nini, anajibiwa kwamba kumwosha mgonjwa, kumlisha, kumgeuza, kumfunga kidevu akifa, hayo ni mambo ya moyo, na moyo huo mwanamke anazaliwa nao. Sawa. Lakini Baba Placide alipoyafanya mambo hayohayo yaliitwa kazi, yakapewa cheo. Mimi nilifika darasa la nne tu, na darasa la nne lenyewe nililirudia, lakini hapo hata mtoto wa darasa la kwanza anaona mstari umepinda.

Kwa wageni waliotoka mbali, inafaa nieleze desturi ya hapa. Muuguzi anapiga sindano na kuandika joto. Mengine yote ni ya garde-malade, yaani mlinzi wa mgonjwa, mtu wa familia anayekaa naye usiku na mchana: kuteka maji pompe, kupika kwenye mbabula, jiko la makaa, nyuma ya ukuta, kufua, kulisha, kubeba pot, chombo cha haja. Sheria ni moja: asiye na mlinzi hapewi kitanda. Na karte za kuingilia ninazitoa mimi. Karte ya bluu ni ya mlinzi. Karte nyeupe ni ya mgeni anayekuja saa tisa mpaka saa kumi na moja, anakaa ukingoni mwa kitanda, anauliza unaendelea vipi, anakula ndizi ya mgonjwa, anafanya sala fupi, anaondoka. Miaka thelathini na saba nimewapa wanawake ya bluu na wanaume nyeupe, wala sikuhitaji kuinua kichwa. Nilitazama viatu tu.

Sasa mafanikio. Mwaka 1999 mama mmoja wa mtaa wa Kikula alikuwa na wiki ya tano akimlinda bwana yake. Mchana mmoja alisinzia amesimama, mwiko ndani ya bukari, ugali wetu, akaangukia mbabula. Mkono uliungua mpaka kiwiko. Basi mlinzi akawa mgonjwa, na sheria ikataka mlinzi naye apate mlinzi, na familia, baada ya kufikiri sana, ikamtoa binti yake shuleni. Bwana alikuwa na kaka watano. Niliwajua wote kwa sababu walikuja kila siku saa tisa kamili, karte nyeupe mkononi, viatu vimepakwa rangi.

Jioni ile Mama Émérence alivua kikwembe, kitenge chake chekundu cha juu, akachana pindo lake vipande vipande. Akawakusanya walinzi wote wa salle, akawapangia. Mmoja anateka maji ya vitanda vyote, wawili wanapikia wote, mmoja anafua. Na mmoja anafungwa kitambaa chekundu kwenye mkono wa kushoto, anatandika mkeka chini ya kitanda, analala. Mwenye kitambaa hatumwi na mtu yeyote. Kesho yake kitambaa kinahamia kwa mwingine.

Daktari mmoja mgeni, kijana, aliona mama amelala mchana, akataka kumwamsha amkimbilie gants, glavu za mikono, kwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara. Mama Émérence akaegemea raclette yake. “Docteur, huyu amekufa mpaka saa tisa. Saa tisa atafufuka. Kama ni gants, weye uko na miguu, na ni mizuri kabisa.” Daktari alikwenda mwenyewe. Siku hizi ni mkubwa huko Lubumbashi, na nasikia bado anajinunulia gants.

Kitambaa kile leo kiko katika salle zetu zote tano. Wageni wa mkoa wakija wanaonyeshwa, na mbele yao kinaitwa système. Kimeleta hata cheti chenye fremu. Cheti kimetundikwa ofisini, ofisi ambayo Mama Émérence huingia kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kupangusa fremu.

Yeye mwenyewe hakuwahi kukifunga. Hata siku moja. Nimemuuliza, akasema zamu yake bado haijafika.

Mama Claire amekataza kusema watu vibaya, lakini hakukataza nijiseme mimi. Mwaka 2011 alikuja kijana mchimbaji wa Kamatanda, jina lake Glody, udongo wa mgodi bado kwenye nyusi. Mke wake alikuwa amepasuliwa ili azae, na hawakuwa na mtu mwingine hapa mjini. Aliomba karte ya bluu. Mimi niliangalia buti zile, nikampa nyeupe. Akasema hapana, ya bluu, nataka kulala naye, nimufulie. Nikamwambia aache uhuni, salle imejaa mama za watu. Nikamfukuza, tena kwa sauti, ili watu waone mlango una mwanaume.

Siku mbili Mama Émérence alimlinda yule mzazi yeye mwenyewe, juu ya ndoo zake na juu ya salle nzima. Siku ya tatu alinijia, amechoka mpaka midomo ina vumbi. “Papa Rémy,” akasema, “miaka yote hii tunamuomba Mungu atuletee mwanaume mumoja tu mwenye kubeba pot. Mungu ametuma. Weye umemurudisha.”

Saa ya mchana akatoka, akamkuta Glody amekaa kwenye jiwe ng'ambo, bado anangoja. Akamfunga kikwembe kiunoni juu ya suruali, akamtwika beseni kichwani, akampitisha katikati ya kina mama watatu. Ndevu zilikuwa wazi kabisa. Niliinuka, nikasema, “Jambo mama.” Akajibu, “Jambo papa,” kwa sauti ya ng'ombe. Alikaa siku tisa. Kitambaa chekundu kilimfikia mara mbili, akalala kama wengine, na akina mama wanasema hakuna aliyekamua nguo kama yeye. Huyo ndiye mwanaume pekee aliyepata karte ya bluu kwenye mlango wangu, na hata huyo aliipata baada ya kuvaa kikwembe.

Sasa nifike mahali ambapo karatasi za namna hii kwa kawaida hazifiki. Mama Claire, usikate hapa.

Kuinua watu miaka thelathini na minne kumempa Mama Émérence ngiri. Imetoka tumboni, kubwa kama ngumi, na akitembea anaishikilia kwa mkono mmoja kama mtu anayebana pochi sokoni. Daktari alisema ipasuliwe, akampa tarehe. Tarehe hiyo mama mkwe aliugua, na nani alichukua karte ya bluu? Akamlinda miezi mitatu mpaka tukamzika. Tarehe ya pili mke wa mwanawe Firmin alijifungua, na karte ya bluu ikaandikwa Émérence. Tarehe ya tatu bwana yake, Baba Octave, alishikwa na malaria, na malaria ya mwanaume mnaijua, ni ugonjwa wa nyumba nzima. Karte, Émérence.

Tarehe ya nne ni Jumanne inayokuja, siku nne baada ya sherehe hii. Wiki iliyopita alikuja mlangoni kuchukua karte ya mlinzi wake. Nikampa. Akajaza mwenyewe, akanirudishia nipige muhuri. Nikasoma. Mgonjwa: Émérence Mwewa. Mlinzi: Émérence Mwewa.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika lango. Halafu nikamwona yeye hacheki. Alikuwa ananingoja nimalize, kama anavyowangoja wagonjwa wamalize kutapika.

“Mama, utajilinda namna gani na dawa ya usingizi mu kichwa?”

“Nitajipanga mbele. Maji nitayaacha pembeni ya kitanda. Bukari nitaipika siku ya mbele. Nguo nitavaa tatu tatu, ikichafuka moja naitoa.”

“Na pot?”

Hapo alifikiri. “Pot nitaona.”

Mtu mwingine angeandika jina lake pale kwa mzaha. Yeye aliandika kwa sababu kalamu ilipofika kwenye mstari wa mlinzi, miaka yote hii, hakukuwa na jina jingine la kuandika. Sikupiga muhuri. Nilichukua karte nyingine, tupu, nikaitia mfukoni, na Jumapili baada ya misa nikaenda kwao Kikula.

Baba Octave alinipokea vizuri. Ni fundi mstaafu wa reli, ana miaka sita ya mapumziko, miguu mizima, mikono mizima, siku nzima anacheza dama na majirani. Vijana wake walikuwepo wote wawili: Guy, anayetengeneza simu sokoni, na Firmin, dereva wa kamioni huko Kamatanda. Nikaweka karte mezani, nikasema, “Jumanne banamupasua mama. Hapa nataka jina.”

Karte ikatazamwa kama nyoka mdogo ambaye watu bado hawajui kama ana sumu.

Guy akaanza. “Papa Rémy, minye nikilala mule na bamama, kesho ku marché bataniita Mama Guy.”

“Na weye Firmin?”

“Kamioni haina muntu wa kuiendesha. Na hii ni mambo ya Noëlla. Noëlla iko wapi?”

Noëlla, dada yao, yuko Kolwezi na mtoto wa siku kumi na moja. Nilimkumbusha. Firmin akasema basi apande bus na mtoto. Nikamwambia yeye apande akili.

Baba Octave akauliza kitu ambacho sitasahau. “Lakini kazi yenyewe, garde-malade, ni kufanya nini?” Ameoa garde-malade miaka thelathini na sita. Nikamweleza: pompe, mbabula, kufua, kulisha, kumgeuza, kumpeleka polepole mpaka mlangoni na kumrudisha.

“Na pot?”

“Na pot, Octave.”

“Mwanaume abebe pot ya bibi yake, mbele ya bantu?”

“Ya mama yako nani aliibeba, mbele ya bantu?”

Na wakati huo wote, ndugu wasomaji, Mama Émérence alikuwa jikoni. Nilimwona mlangoni akisonga bukari kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika ngiri. Akatoka na beseni la kunawia, akaanza kwangu mimi mgeni, akazunguka kwa bwana, kwa Guy, kwa Firmin. Wanaume wanne tulikuwa tumekaa tukijadili nani atamhudumia, na yeye anatumiminia maji mikononi. Nilitaka kusimama. Lakini sombe, kisamvu chetu, ilikuwa imeungwa kwa karanga. Nilikula. Niliongezewa, nikala tena. Ninaandika hivyo ili mjue kwamba karatasi hii haikuandikwa na malaika.

Alipokuja kuondoa sahani, alisema bila hasira, kama mtu anayeuliza kama chumvi imetosha. “Mumuache papa. Minye niliomba kulala siku tano. Sikuomba mukufe.”

Nikarudi na karte yangu tupu.

Jumatano, saa nne za asubuhi, Baba Octave alionekana ng'ambo ya barabara, karibu na jiwe lile la Glody. Alisimama muda mrefu. Nilijifanya nafagia. Mwishoni alivuka, akachungulia juu ya ukuta upande wa pompe, akaona wanawake kwenye mstari na ndoo zao.

“Ile karte, iko na jina?” akauliza.

“Bado.”

“Na foleni ya pompe inaanza saa ngapi?”

“Saa kumi na moja, mbele ya jua. Umeme wa Mwadingusha ukikatika, pompe inalala, munakwenda kuteka mutoni.”

Akashusha pumzi, akasema “eeh”, akaenda zake. Sijui. Nimekuwa mlangoni muda wa kutosha, siamini tena nyuso. Lakini mtu asiyefikiria kuteka maji haulizi habari za foleni.

Sherehe yetu itakuwa hivi. Wimbo, hotuba ya mkubwa, halafu zawadi. Kamati imenunua saa ya ukutani. Ni nzuri, ya rangi ya dhahabu, na betri haimo. Kumpa saa mtu aliyeamka saa kumi alfajiri miaka thelathini na minne bila saa ni mzaha ambao hata mimi sikuuthubutu. Lakini imekwisha kununuliwa.

Baada ya saa kuna jambo moja ambalo halikuandikwa kwenye programu ya ofisi. Walinzi wa salle ya upasuaji, wale walioko sasa, wamelitaka, na Baba Placide amekubali kulifanya kwa mikono yake. Mama Émérence atanyoosha mkono wa kushoto, na Baba Placide atamfunga kitambaa chekundu. Zamu yake imefika. Sheria yake mwenyewe inajulikana: mwenye kitambaa hatumwi. Kwa hiyo leo asipange viti, asigawe sambusa, asioshe glasi za sherehe yake mwenyewe, maana namjua. Akishika ndoo, mtu yeyote amnyang'anye.

Mama Émérence, sisi wa mlangoni, wa jikoni, wa salle tano, na wale wote uliowageuza bila kuwaumiza, tunasema aksanti. Wengine wenye deni la aksanti kwako wako makaburini, nawasemea. Tunakutakia usingizi mrefu, tumbo lililoshonwa vizuri, na asubuhi ambazo hakuna anayekuita. Maisha yako ya mbele yawe mepesi kuliko ndoo tupu.

Na sasa tangazo la mlango. Bière baridi imeagizwa, lakini nimeipanga kwa mama wa duka ng'ambo ya barabara, haimo humu ndani. Baba Octave, Guy na Firmin watakaa mstari wa kwanza, viti vimewekwa alama. Karte ya bluu nitaiweka mezani, kando ya saa ya dhahabu. Mgonjwa: Émérence Mwewa. Mlinzi: nafasi iko wazi, na jina la mgonjwa halikubaliwi tena pale. Vikwembe vya kuvaa juu ya suruali havihitajiki mwaka huu, nitainua kichwa.

Saa kumi na nusu nitafunga lango kubwa. Litafunguliwa jina likishaandikwa. Ufunguo nimeufunga kwa kamba kwenye kalamu, ili atakayeomba kimoja apewe vyote viwili.

Rémy Kalenga, sentineli